Kinyozi wa Ugenini

Mwenye kufunga safari ya nchi za mbali hupewa maonyo mengi na jamaa zake. Huambiwa achukue koti zito, aitunze pasi yake, wala asiache kuleta habari nyumbani. Lakini ni nadra kumsikia mtu akimwuliza, "Je, nywele zako zitakatwa na nani?" Nalo ni jambo lisilokwepeka, maana nguo yaweza kumngoja dobi, bali nywele haziombi ruhusa ya kuota. Zikipita wiki tatu au nne, msafiri hana budi kumtafuta kinyozi, na hapo ndipo atakapotambua kwamba yu ugenini kweli. Leo, wasomaji wapenzi, nataka tuitazame habari hii kwa mfano wa Uingereza, ambako vijana wetu wengi wamekwenda kusoma tangu zamani.

Mbele ya duka la kinyozi wa kizamani huko utaona mlingoti wenye mistari myekundu na myeupe iliyouzunguka. Husemwa kwamba rangi hizo ni ukumbusho wa damu na vitambaa vya kufungia jeraha. Kinyozi wa Ulaya wa zamani hakukata nywele tu. Aliwatoa watu damu, kama wazee wetu walivyopiga chuku, na kuwang'oa meno. Mwaka 1540, zama za Mfalme Henry VIII, Bunge liliunganisha chama cha vinyozi wa London na chama cha wapasuaji, nao wakakaa pamoja miaka 205, hata walipotengana mwaka 1745. Alama ya zama zile ingalipo. Mpasuaji wa hospitali katika Uingereza huitwa "Bwana" na si "Daktari", wala haoni kuwa amevunjiwa heshima.

Walakini kazi hiyo yenye historia ndefu ilikuwa na ila yake. Meli iitwayo Empire Windrush ilipofika Tilbury mwezi wa Juni 1948, ikiwa na mamia ya watu wa visiwa vya Karibi, wageni hao waliona kwamba milango mingi ilikuwa imefungwa mbele yao, na mmoja wapo ulikuwa mlango wa kinyozi. Wengine walijibiwa kwamba nywele zao hazijulikani; wengine hawakupewa sababu yo yote. Basi wakajisaidia wenyewe. Aliyekuwa na mkasi na mkono mwepesi aligeuza jiko lake kuwa duka, na watu wakapanga zamu. Mwaka 1956 Winifred Atwell, bibi mzaliwa wa Trinidad ambaye Uingereza nzima ilimjua kwa kupiga piano, alifungua saluni huko Brixton, kusini ya London, kwa ajili ya wanawake weusi. Santuri yake ilikuwa imeuzwa kupita zote nchini miaka miwili kabla, lakini sifa hiyo haikuwafundisha wasusi wa mji namna ya kutengeneza nywele za mtu kama yeye.

Sheria ilikuja kwa kuchelewa. Ile ya mwaka 1965 ilikataza ubaguzi wa rangi katika hoteli, mikahawa, majumba ya sinema na mabasi, lakini maduka ya kawaida hayakuwamo katika orodha yake. Ilipotungwa sheria ya mwaka 1968 ndipo walipoingizwa wote wanaowauzia watu bidhaa au huduma, na kinyozi miongoni mwao. Leo jambo hilo limo katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010.

Mzee mmoja wa kwetu, aliyepelekwa huko masomoni miaka ile ya hamsini, hutusimulia habari ya vinyozi wawili wa mji mmoja. Wa kwanza alimwona mlangoni, akageuza kibao kuonyesha kuwa duka limefungwa, hali watu watatu wameketi ndani wakingoja. Wa pili alimkaribisha kitini, akamtazama kichwa kwa muda, akasema, "Bwana, sijapata kukata nywele za namna hii. Ukinielekeza, nitajaribu." Mzee husema kwamba alitoka pale na kisogo kimoja cha ajabu, lakini alirudi kwa mtu yule mwezi uliofuata, na mwezi wa tatu kazi ilikuwa safi. Nasi tuipime tofauti hii. Wote wawili hawakuwa na ujuzi, lakini mmoja tu alikosa adabu. Ujinga huondolewa kwa kufundishwa. Dharau ndiyo iliyohitaji sheria.

Tena tusidhani kwamba kutojua kule kulikuwa kisingizio daima. Mtu aliyezoea kukata manyoya ya kondoo asipewe mbuzi akatarajiwa kufanya vema siku ile ile. Nywele zetu hutoka katika shina lililopinda, zikajiviringa. Nyingi za Wazungu hutoka zimenyoka. Kinyozi aliyefundishwa nywele za kunyoka huzilowesha, huzivuta kwa kitana, kisha hukata zilizozidi kati ya vidole. Nywele zetu zikilowa hujikunja zikaonekana fupi kuliko zilivyo, na kipimo chake chote huharibika. Afadhali zichanuliwe kwa chanuo zikiwa kavu, ndipo zikatwe. Ndevu nazo zikinyolewa mno kwa wembe, ncha zake hurudi kuichoma ngozi, zikaleta vipele. Mambo haya hufundishika, na mwaka 2021 viwango vya mafunzo ya kazi ya nywele nchini humo vilirekebishwa ili nywele za aina yetu zihesabiwe pamoja na nyingine.

Basi kijana aendaye huko na ashike haya machache. Asome bei iliyoandikwa ukutani kabla ya kuketi. Aulize kwa upole, "Je, umezoea nywele kama zangu?" Akiambiwa hapana, ashukuru na kwenda zake, si aibu kwake wala kwa mwenye duka. Katika Brixton na Peckham huko London, Handsworth huko Birmingham, na Moss Side huko Manchester, atawapata vinyozi wenye asili ya Afrika na Karibi. Ajue hesabu za mashine: namba moja huacha nywele za milimita 3, namba mbili milimita 6, namba nne yapata milimita 13. Aanze na namba kubwa, maana kilichobaki chaweza kupunguzwa, bali kilichoanguka sakafuni hakirudi. Aonyeshe kwa kidole ukomo wa panja na wa kisogo, asitegemee maneno matupu. Akiridhika, aweza kumwachia kinyozi bakshishi ya sehemu moja ya kumi. Ni desturi ya wengi, wala si deni.

Wazee walisema, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Siku hizi wageni wa nywele za kunyoka hufika katika miji yetu, nao nywele zao huota kama zetu. Mgeni wa namna hiyo akisimama mlangoni pa kinyozi wa Nakuru au Kisumu, atageuziwa kibao, au atakaribishwa kitini? Vijana wetu wanaojifunza kazi hii na wajifunze mkasi na kitana pamoja na mashine, ili mtu ye yote aketiye mbele yao atoke akiwa nadhifu. Na yule ambaye bado hajui, aseme kama yule kinyozi wa pili, kisha ajaribu.