Upofu wa Moyo Ukumbini

Msimu wa harusi ndio huu, na sisi wa cherehani tunalala saa nane za usiku. Leo tuzungumze kuhusu sare.

Bibi harusi anachagua kitambaa, na kila anayetaka kuonekana wa shughuli lazima akinunue, alipe na ushoni. Mwenye nacho anashona bila kuuliza bei. Shangazi aliyemlea biharusi tangu mdogo, anayeuza maandazi asubuhi, hana. Anakuja na baibui lake safi, anaoneshwa kiti cha nyuma karibu na masufuria. Kwenye picha haitwi. Macho yote yako mlangoni, anasubiriwa mke wa mheshimiwa.

Sisi huo tunauita upofu. Surat Al-Hajj, aya ya 46, inatufundisha kwamba upofu wenyewe hasa ni wa moyo ulio kifuani. Tumezoea kudhani hayo wanaambiwa wasioswali tu. Wapi! Mtu anaweza kuamka tahajudi na bado asimuone mtu aliyesimama mbele yake.

Tazameni Surat Abasa. Wafasiri wanaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa Makka akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji wasilimu. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, anataka kufundishwa dini. Mtume akakunja uso na kugeuka, nia yake ikiwa njema, na zikashuka aya za kumkumbusha. Sasa fikirini, mashoga: yule bwana alikuwa haoni. Ule uso uliokunjwa hakuuona kabisa! Na bado Mwenyezi Mungu aliteremsha aya tunazozisoma mpaka leo. Shangazi wa maandazi anaona. Anaona mdomo ukibinuliwa, anaona sinia la biriani likimpita.

Wale wakubwa walikuwa na macho mazima, wamekaa na Mtume uso kwa uso. Aliyekuja kuitafuta njia ni kipofu. Baadaye Madina akawa muadhini pamoja na Bilal. Bilal akiadhini bado usiku, waliotaka kufunga waliendelea kula mpaka waisikie sauti ya Ibn Ummi Maktum, naye haadhini mpaka aambiwe kumekucha. Na Mtume alipotoka safari, zaidi ya mara moja alimuachia yeye mji.

Tunajua mtasema fundi anajikatia riziki mwenyewe. Hatusemi sare ni haramu, hayo tunawaachia masheikh, na kusema kweli picha za rangi moja zinapendeza. Lakini hadithi aliyoipokea Abu Hurayra imekikemea vikali chakula cha walima wanachoalikwa matajiri na kuachwa masikini. Na aliyeletewa kadi kisha akawekewa sharti la kitambaa asichokimudu, huyo ameachwa kwa adabu tu.

Biharusi akija kwetu tunamshauri achague rangi, aache kitambaa. Mwenye uwezo ashone atakavyo, asiye nao ajitande mtandio wa rangi hiyo. Mtandio kuupinda ni kazi ya dakika chache, na bei yake haimshindi muuza maandazi. Na viti vya mbele avipange mama, asiachiwe mpambaji. Mama ndiye anayejua nani alimbeba mtoto mgongoni.