Bomba la moshi kwanza, jiko baadaye

Kila ifikapo Juni, wenye nyumba za zamani Njombe, Mufindi na Lushoto huanza kuulizia majiko ya chuma ya kupachika ndani ya meko ya ukutani. Lile la awali limeliwa na kutu, mlango haufungi, na baridi haisubiri. Swali la kwanza kwa muuzaji huwa ni bei. La pili, kilowati. Kwa maoni ya safu hii, maswali yote mawili yanatangulia mahali pasipo pake.

Tuchukue ukubwa. Wauzaji wa Uingereza hukadiria kilowati 1 kwa kila mita za ujazo 14 za chumba. Sebule ya mita 6 kwa 5, yenye kimo cha mita 3, ina mita za ujazo 90. Inahitaji kilowati 6 na nusu hivi, tena kwa baridi ya Ulaya. Anayeuziwa jiko la kilowati 12 amelipia chuma asichokihitaji. Mbaya zaidi, joto likimzidi atabana hewa, moto utafuka badala ya kuwaka, na moshi utaganda ndani ya dohani kuwa masizi yenye lami. Masizi hayo yakishika moto, paa la boriti kuukuu liko hatarini.

Gharama ambayo wengi huisahau ni ya dohani yenyewe. Dohani za matofali zilijengwa kwa ajili ya meko ya wazi, nazo ni pana. Jiko la kisasa kwa kawaida hutoa moshi kupitia tundu la milimita 150 hivi. Moshi ukiingia kwenye dohani pana na baridi, hupoa kabla ya kutoka. Aidha, Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano, hivyo uvutaji nao ni hafifu. Dawa yake ni bomba la chuma kisichoshika kutu, kutoka kwenye jiko hadi juu ya paa. Mwenye fedha kidogo na anunue jiko dogo na bomba kamili. Moshi unaorudi chumbani huja na kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Kuni nazo zina hesabu yake. Kilo 1 ya kuni zenye maji yasiyozidi asilimia 20 hutoa kama kilowati-saa 4. Jiko letu la kilowati 6 na nusu, lenye ufanisi wa asilimia 70, litakula kilo 2.3 kwa saa. Kuni mbichi, ambazo nusu ya uzito huweza kuwa maji, hutoa takriban nusu ya joto hilo. Miwati ya Njombe ipasuliwe mapema na kukaushwa chini ya paa.

Ukiletewa jiko la mtumba kutoka Ulaya, uliza mwaka lilipotengenezwa. Tangu Januari 1, 2022, jiko jipya la mlango la kupasha joto chumba haliingizwi sokoni katika Umoja wa Ulaya likiwa na ufanisi chini ya asilimia 65. Kisha fungia kipande cha karatasi mlangoni na ukivute. Kikichomoka bila kukaza, kamba ya kuziba mlango imekwisha; dai upunguziwe bei.