Magongo si gongo, na mtoto si kitega uchumi

Haya wadau, leo mnivumilie kidogo maana kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili.

Jumapili jioni nilikuwa na wanangu wawili kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba tunayopanga, Tabata. Wa kike ana miaka saba, wa kiume mitano. Kila mmoja ana kigongo chake, fundi seremala wa Keko aliwachongea kwa kuiga gongo langu la zamani. Mpira tunaotumia ni wa tenisi, kwa sababu mpira halisi wa magongo ni mgumu kama jiwe na una uzito wa gramu 156 hadi 163. Ukimpata mtoto wa miaka mitano kwenye ugoko, hatakanyaga tena uwanjani. Basi tulikuwa tunakimbizana, tunacheka, tunakula vumbi.

Akapita mzee mmoja jirani yetu, mtu ninayemheshimu sana. Shikamoo, marahaba. Akasimama, akatazama, halafu akaniuliza: "Sasa mama, huo mchezo utawasaidia nini hao watoto? Kuna timu gani ya kuja kuwalipa?"

Nikamjibu, "Wanacheza tu, mzee wangu." Si mnajua tena, mkubwa habishiwi barabarani. Lakini usiku usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Jibu lenyewe nalitoa leo.

Kwanza tuwekane sawa. Magongo ninayosema hapa ni hoki, siyo ile pombe! Kila nikiaga ofisini kwamba nawahi magongo na watoto, lazima mmoja aropoke, "Dada, unawapeleka watoto kwenye gongo?" Utani huo umeshazeeka jamani, tafuteni mwingine.

Sasa hoja. Hebu tujiulize, nani kati yetu alilipwa ili awe Simba au Yanga? Wizara gani ilikuja nyumbani kutufundisha? Hakuna. Tulirithi sebuleni, redio ikiwa dirishani, baba akitaja majina ya wachezaji kama anataja ndugu zake wa tumbo moja. Mtoto anajua rangi ya timu yake kabla hajajua a, e, i, o, u. Na hakuna hata siku moja aliyemsimamisha baba huyo barabarani kumuuliza itamsaidia nini mtoto. Ila mama akishika gongo, ghafla kila mtu anakuwa mchumi!

Mwaka 1980 Tanzania ilipeleka timu ya magongo kwenye Olimpiki ya Moscow. Ndiyo, Tanzania hii hii. Nchi nyingi zilisusia michezo ile, nafasi zikapatikana, tukaenda. India wakatufunga 18 kwa 0. Hamjasoma vibaya, ni kumi na nane. Tukamaliza wa sita katika timu sita. Kwenye michezo hiyo hiyo Filbert Bayi alileta medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akaleta fedha ya mita 5,000. Hao tunawakumbuka, na ni haki yao. Timu ya magongo haikurudi tena Olimpiki, na wengi wetu hatujui hata kama iliwahi kwenda.

Watu huwa wanacheka nikiwatajia zile 18. Mimi sicheki. India walichukua dhahabu mwaka ule, na ilikuwa dhahabu yao ya nane ya magongo. Timu ya namna hiyo haitengenezwi kambini kwa wiki chache kabla ya safari. Inaanza na mtoto anayeburuta gongo lililomzidi kimo.

Msiniambie hiyo ni India tu. Majirani zetu Kenya walishika nafasi ya sita Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona mwaka 1971, walikuwa wa nne. India waliwanyima nafasi ya tatu kwa 2 kwa 1, tena baada ya muda wa nyongeza. Avtar Singh Sohal wa Kenya alicheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972, na tatu kati ya hizo akiwa nahodha. Mchezo ule Nairobi uliishi kwenye klabu za Masingasinga na Wagoa. Baadaye familia nyingi za jamii hizo zilihamia Uingereza na Canada. Tena nyasi bandia, zilizoanza kutumika Olimpiki mwaka 1976, zikaufanya mchezo kuwa ghali kwa nchi kama zetu. Kenya haijacheza magongo ya Olimpiki tangu 1988. Nyasi ni sababu, sikatai. Lakini mchezo ukishatoka kwenye familia, hata ukileta nyasi za dhahabu atacheza nani?

Sasa nijikosoe na mimi, maana mimi si malaika.

Marehemu baba alicheza magongo jeshini. Hakuniachia kiwanja wala nyumba, aliniachia gongo na jioni nyingi za kupiga mpira kwenye ukuta wa kambi. Mimi sikufika popote kimchezo. Nilipompata binti yangu nikajiambia, huyu ndiye atakayefika. Tena ni shoto, na kwenye magongo mkono wa kushoto ndio unaokaa juu na kulizungusha gongo. Nikaona bahati imetushukia! Nikaanza kumfokea. "Gongo chini! Inama! Mara ngapi nakwambia?" Siku moja akaliweka gongo mchangani, akaniambia taratibu, "Mama, leo umekuwa kama mwalimu mwenye fimbo."

Wadau, niliishiwa maneno. Mtoto wetu wa Kitanzania anaijua fimbo tangu darasa la kwanza, na anajua ina kazi gani. Mimi nilikuwa nimempa fimbo ya kwanza ya kufurahia maishani mwake, halafu nikaigeuza iwe ile ile ya shuleni. Wiki tatu hakuligusa. Wiki tatu!

Hapo nikagundua kwamba swali la yule mzee lilikuwa limo ndani yangu kabla yeye hajaliuliza. Nilikuwa namhesabu mwanangu kama shamba, nimepanda nasubiri kuvuna. Ukimtazama mtoto hivyo, hata mchezo unaoupenda kuliko yote unaufanya adhabu. Siku hizi sisemi twendeni. Nachukua gongo langu, natoka. Wakitaka wanakuja, wakitaka wanabaki na katuni zao. Mara nyingi wanakuja.

Kwa hiyo naomba kusema na nyie mliowahi kucheza kitu, iwe magongo, netiboli, mdako au bao. Acheni kungoja chama, mfadhili na semina za "kuibua vipaji". Serikali ijenge viwanja, ndiyo, na tuidai bila kuchoka. Lakini hakuna bajeti itakayomfundisha mwanao kupenda ulichokipenda wewe. Hiyo ni kazi ya jioni, bila posho, kabla mtoto hajafika umri wa kukuonea aibu.

Na kwako mzee wangu, jibu ndilo hili. Pengine mchezo huu hautawalipa hata senti. Utawasaidia kumjua mama yao akiwa na furaha, kama mimi nilivyomjua baba yangu. Jumapili tupo pale pale. Mlete na yule mjukuu wako, kigongo cha tatu nimeshaagiza Keko.

Naomba kutoa hoja.