Alama ya Saba

Madaktari wa ICU wana kipimo kinachoitwa SOFA. Hukagua mapafu, damu inavyoganda, ini, moyo, ubongo na figo. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 4. Jumla ikipanda, hatari ya kufa inapanda. Ni sita tu. Mimi nimeiona ya saba: depositi.

Usiku tulipompeleka mjomba, wa mapokezi hakuuliza presha. Aliuliza nani analipa. Tukafungua kundi la WhatsApp, tukachangisha mia mia, mzee akihema kwenye kiti cha magurudumu. Kitanda alikipata alfajiri. Hakumaliza siku mbili.

Mwaka 2015, hapa Nairobi, majeruhi alikaa saa 18 ndani ya ambulansi akisubiri ICU. Akafa. Na Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

Kwa hivyo msituambie ni mapenzi ya Mungu. Mungu hana paybill. Figo zilimuumiza mjomba, sawa. Lakini aliyemchelewesha ni mtu, kwa sera iliyoandikwa na watu. Cheti cha kifo nacho kiandike hivyo.