Kiingilio cha mpira: nani bado anampeleka mtoto uwanjani?

Mwezi huu ukurasa wetu unazungumza juu ya mpira, lakini si magoli. Tunazungumza juu ya mlangoni, pale mtu anapotoa pesa kabla ya kuingia.

Hapa kambini wengi wetu tunaijua Ligi Kuu ya Uingereza kwa njia ya kibanda cha video. Tunaona majukwaa yamejaa, watu wamevaa jezi mpya, basi tunasema: wale wazungu pesa kwao si shida. Kumbe shida wanayo. Wapo wazee kule walioanza kwenda uwanjani wakiwa watoto, na leo wanaangalia kwenye televisheni kama sisi, sababu ya kiingilio.

Chukueni habari ya Liverpool. Mwanzoni mwa 2016 klabu ilitangaza bei za msimu unaofuata. Walikuwa wanaongeza jukwaa kubwa la Anfield, na tiketi ya bei ya juu kabisa ingepanda kutoka pauni 59 mpaka pauni 77 kwa mechi moja. Kwa pesa ya Tanzania ya wakati ule ni zaidi ya shilingi laki mbili, kwa dakika tisini tu! Klabu ilijitetea kwamba tiketi nyingine zingeshuka, tena zingekuwepo chache za pauni 9. Mashabiki hawakuridhika. Tarehe 6 Februari 2016 Liverpool walicheza na Sunderland nyumbani. Ilipofika dakika ya 77, namba ileile ya bei, maelfu ya watu wakasimama wakatoka nje. Timu yao ilikuwa inaongoza 2-0! Kabla ya filimbi ya mwisho Sunderland wakarudisha yote mawili, ikawa 2-2. (Kocha Klopp hakuwepo kwenye benchi siku hiyo, alikuwa hospitali kwa ajili ya kidole tumbo. Sijui kama angewalaumu.)

Siku nne baadaye wamiliki wa klabu wakaandika barua ya kuomba radhi. Bei ya juu ikabaki pauni 59, na wakaahidi kutopandisha kwa misimu miwili. Hakuna kiti kilichovunjwa, hakuna chupa iliyorushwa. Watu walitoka tu, pamoja, kwa saa waliyopatana. Wiki hiyohiyo huko Ujerumani mashabiki wa Dortmund walikuwa ugenini Stuttgart, wakarusha mipira ya tenisi uwanjani mpaka mchezo ukasimama. Nao walikuwa wanalalamikia bei.

Sasa bei ilifikaje huko? Zamani Uingereza watu walisimama kwenye majukwaa na kiingilio kilikuwa kidogo. Tarehe 15 Aprili 1989, kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye jukwaa lililojaa kupita kiasi. Waliokufa kwa ajili ya siku ile ni 97, wengi wao vijana. Jaji Taylor alipotoa ripoti yake mwaka 1990 alitaka viwanja vikubwa viwe na viti kwa kila mtu. Lakini aliandika pia kwamba viti visiwe sababu ya kumfungia nje mtu wa kipato kidogo, akatoa mfano wa uwanja wa Ibrox, Glasgow, ambapo kiti kilikuwa pauni 6. Klabu zikachukua neno la viti. Neno la bei likasahaulika.

Halafu mwaka 1992 ikaanza Ligi Kuu, na pesa za televisheni zikaingia. Haki za kuonyesha mechi ndani ya Uingereza peke yake, kwa misimu mitatu kuanzia 2016, ziliuzwa kwa zaidi ya pauni bilioni 5. Ndiyo maana mashabiki walikasirika: na pesa yote hiyo, bado mnataka ya mfukoni mwangu?

Mimi kinachoniuma zaidi ni habari ya watoto. Novemba 2024, katikati ya msimu, Manchester United waliamua kwamba tiketi zilizobaki za wanachama ziwe pauni 66, bila punguzo kwa mtoto wala mzee. Kabla ya hapo mtu mzima aliweza kupata kwa pauni 40 na mtoto kwa 25. Baba mwenye watoto wawili apige hesabu: kutoka pauni 90 mpaka 198, na bado hawajapanda basi wala kununua soda. Atafanya nini? Ataenda mwenyewe na kuwaacha nyumbani, au hataenda. Na mtu haanzi kuipenda timu akiwa na miaka arobaini, jamani.

Hapa kwetu hatuna tiketi ya Anfield, lakini ugomvi wa kiingilio tunao. Kijana anataka mechi tatu Jumamosi na mbili Jumapili, na mama anatafuta ya sabuni. Mgao wenyewe mnaujua. Mimi nasema mama ana haki. Lakini kumkataza kijana kabisa naona si dawa, maana atapata pesa kwa njia ambayo hamtaipenda. Afadhali mchague mechi moja ya wiki, na baba aende naye. Na kama bei ya watoto ni sawa na ya wakubwa, wazazi kumi wakae na mwenye kibanda wazungumze. Yeye si adui, analipia king'amuzi na mafuta ya jenereta. Hata hivyo kibanda chenye watoto wengi kwa bei ndogo kinamfaa kuliko benchi tupu.

Jambo moja la mwisho. Mwezi mmodi baada ya watu kutoka Anfield, klabu zote 20 za Ligi Kuu zilikubaliana kwamba shabiki anayeifuata timu yake ugenini asitozwe zaidi ya pauni 30. Ilianza msimu wa 2016/17. Mkiwa kibandani tazameni ile kona ya mashabiki wageni, ambayo mara nyingi ndiyo yenye kelele kuliko uwanja wote.