Kanisani Nao Watende, Wasitendewe Tu

Jumapili moja nilialikwa Samburu. Nasema Samburu hii yetu ya Kwale, iliyoko kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi katika nchi ya Waduruma, wala si ile ya kaskazini ambayo wengi huifikiria kwanza jina hili linapotajwa. Nilikwenda kwa shughuli ya shule na, kama ilivyo ada, shughuli ilianzia kanisani. Kanisa lenyewe sitalitaja, kwa kuwa niliyoyaona pale ningaliweza kuyaona katika makanisa mengi ya nchi hii, likiwemo lile ninalosali mimi.

Jengo hilo limeinuliwa juu ya msingi mrefu, na mlangoni pana vidato vitano. Nje, chini ya mwarobaini, alikaa mwanamume wa makamo juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Kila wimbo ulipoanza ndani, sauti yake nzito ilitufikia kupitia dirishani, naye alilishika besi sawasawa kuliko wanakwaya waliovaa majoho. Wakati wa matangazo tuliambiwa kwamba "wasiojiweza" wasihangaike kuingia ndani. Wangefuatwa huko huko nje wapewe mgao wao wa unga. Hakuna aliyeshtuka. Nakiri kwamba hata mimi sikushtuka papo hapo.

Ibada ilipokwisha nilisogea kumsalimu. Alinieleza kwamba yeye ni fundi viatu sokoni, na kwamba kwa kazi hiyo amewasomesha wanawe. Kila Jumapili huzungusha magurudumu kwa mikono katika njia ya mchanga, na aghalabu hufika kabla ya wenye miguu. Kisha akasema neno ambalo halijanitoka akilini hadi leo: "Mwalimu, hapa mimi huletewa kila kitu. Sijawahi kuombwa kitu."

Mimi ni mwalimu wa lugha, na maradhi ya walimu wa lugha ni kusikiliza vitenzi. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anajua tofauti baina ya kauli ya kutenda na zile za kutendwa na kutendewa. Sasa hebu msomaji asikilize jinsi tunavyowazungumzia watu wenye ulemavu katika parokia zetu. Huombewa. Huletewa. Hubebwa. Husaidiwa. Huhurumiwa. Ni nadra mno kusikia kwamba wamesoma somo, wameongoza wimbo, wamekagua hesabu za parokia au wamewafunza watoto katekisimu. Tumewafungia ndani ya kauli moja, tukadhani kwamba huo ndio ukarimu.

Wako wanaoshikilia kwamba mwenye hatia ni Kiswahili chenyewe. Hudai kuwa maneno kama kipofu, kiziwi na kiwete yamewekwa katika ngeli moja na kiti na kijiko, na kwa hiyo yanamshusha mtu akawa kitu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika. Kijana na kiongozi nao hubeba kiambishi hicho hicho, wala sijasikia kiongozi akilalamika. Tena katika Kiswahili sanifu tunasema "kipofu amefika", hatusemi "kipofu kimefika". Upatanisho wa kisarufi humrudishia mtu utu wake hata pale kiambishi kinapotutia shaka.

Hata hivyo, wenyewe wamechagua kuitwa watu wenye ulemavu, na kuchagua ni haki yao. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema waziwazi kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Kwa kipimo hicho, neno "wasiojiweza" halina utetezi. Licha ya kudunisha, ni uongo mtupu. Mtu anayejiendesha kwa mikono yake katika mchanga na kulisha familia yake kwa sindano na gundi, hajiwezi kwa lipi?

Lakini tusijidanganye kwamba kubadilisha jina kutatosha. Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza. Jina hulainika kwa mapenzi, jicho likabaki lile lile. Parokia inaweza kuliacha neno "wasiojiweza" leo jioni, na vidato vitano vikawapo vile vile Jumapili ijayo.

Jambo hili linapaswa kutuuma zaidi sisi wa Pwani kwa sababu ya historia yetu. Wamisionari Krapf na Rebmann walifungua kituo chao Rabai mwaka 1846, pale karibu na Mazeras, si mbali sana na Samburu ukifuata barabara ielekeayo Mombasa. Walihubiri kwa miaka kadhaa wasipate mfuasi. Mtu wa kwanza kubatizwa katika kituo hicho, mwaka 1851, alikuwa Mringe, Mmijikenda aliyekuwa kiwete, naye alibatizwa akiwa mahututi. Wenye nguvu na wenye miguu mizima walikuwa wamesikiliza wakaenda zao. Mringe ndiye aliyepokea. Kwa hiyo orodha ya Wakristo wa kituo kile ilianza kwa jina la mtu ambaye, angalikuwa hai leo, huenda angaliambiwa angojee chini ya mwarobaini.

Sisemi kwamba makanisa hayajafanya kitu. Yamefanya makubwa, tena mapema. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu Thika mwaka 1946. Wakatoliki nao walishiriki tangu mwanzo kuwafungulia viziwi milango ya elimu katika sehemu za magharibi mwa nchi. Maelfu ya Wakenya wamepata elimu, kazi na heshima kutokana na juhudi hizo, na kulikana hilo ni utovu wa shukrani. Ninachouliza ni kitu kingine. Inakuwaje mtoto aliyefunzwa kusoma breli katika shule iliyojengwa na kanisa arudi kijijini kwao, asipate hata Jumapili moja ya kusoma somo mbele ya waumini? Shule ilimfundisha kutenda, parokia ikamrejesha katika kutendewa.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa viziwi. Mtoto kiziwi anayetoka shule ya bweni wakati wa likizo huketi kanisani saa tatu akitazama midomo ikichezacheza. Wengi wetu hudhani kwamba lugha ya ishara ni Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Sivyo. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, mpangilio wake wa maneno na mafumbo yake, na utafiti juu yake umekuwa ukifanywa katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwaka 1991. Katiba inaitambua katika ibara ya 7, na ibara ya 120 inaifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Yaani lugha hii imekwisha kupewa nafasi Bungeni, na katika kanisa la kijijini bado haijapewa hata benchi. Hata sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 zinamruhusu muumini kuungama kupitia kwa mkalimani, na mkalimani huyo hufungwa na wajibu wa kutunza siri. Mlango uko wazi. Aliyekosekana ni mkalimani, kwa sababu hatujamtafuta wala kumfunza.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba watu hawa ni wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi kuwa na ulemavu. Kwa hesabu hiyo, kigango chenye waumini elfu moja wa umri huo kingetarajiwa kuwa na watu ishirini na wawili. Tena yamkini hesabu hiyo ni ya chini, kwani Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba mtu mmoja kati ya sita ulimwenguni ana ulemavu mkubwa wa namna fulani. Katika Pwani yetu hii pana wazee waliofifia macho kwa mtoto wa jicho, na pana walioelemewa na matende. Padri au mchungaji asiyewaona kanisani asiseme hawapo. Na aulize wako wapi.

Jibu la pili ni umaskini. Samburu ni nchi ya ukame, mvua ikikosekana watu hufikiria maji na unga kwanza. Nalikubali hilo kwa moyo mmoja. Lakini mteremko wa saruji badala ya vidato si jumba la kifahari. Ni mifuko michache ya saruji, mchanga ambao Samburu haina uhaba nao, na siku chache za kazi ya vijana wa parokia. Kumpangia fundi viatu zamu ya kuongoza wimbo hakugharimu hata senti moja.

Jibu la tatu husemwa kwa sauti ya chini, nalo ndilo gumu kuliko yote: kwamba ulemavu ni laana au matunda ya dhambi, na dawa yake ni maombi ya uponyaji. Sipingi maombi. Ninachopinga ni desturi ya kumpandisha mtu jukwaani mkutano baada ya mkutano na, asipoponywa, kumlaumu kwamba imani yake ni haba. Huko ni kumtwika mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Katika Injili ya Yohana, wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Yesu alilikataa swali lenyewe. Na katika Injili ya Marko, watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza walipokosa njia ya kupita, waliifungua dari ya nyumba ya watu. Wale walibomoa dari. Sisi tunaona taabu kubomoa vidato vitano.

Basi tufanye nini? Kabla ya kujenga chochote, wenyewe waulizwe. Mteremko uliojengwa pasipo kuwauliza watakaoutumia huwa mkali kama paa, ukabaki pambo. Pili, katika kila baraza la parokia awepo mwenye ulemavu aliyechaguliwa kwa kura, mwenye sauti katika mambo yote, zikiwemo fedha na ujenzi. Tatu, nawageukia walimu na wanafunzi, ambao ndio wasomaji wa ukurasa huu. Chama cha Kiswahili shuleni kinaweza kuweka saa moja kwa juma ya kujifunza Lugha ya Ishara kutoka kwa viziwi wenyewe. Mwanafunzi aliyeifahamu vizuri anaweza kuanza kufunzwa ukalimani. Mwalimu anaweza kukataa neno "wasiojiweza" katika insha kama anavyokataa kosa la upatanisho, akaeleza sababu.

Tukumbuke pia kwamba neno hili si la watu wengine. Hujafa, hujaumbika. Barabara hiyo hiyo ipitayo Samburu huwageuza watu wazima kuwa wenye ulemavu kwa dakika moja ya ajali, na uzee hautahitaji hata ajali. Anayejenga mteremko leo huenda akaupanda mwenyewe kesho.

Nilipoagana na yule fundi nilimwuliza, lau angeombwa kitu, angependa aombwe nini. Hakusita. Alisema angependa kuifunza kwaya besi, kwa sababu imeharibika. Ombi hilo halihitaji mfadhili wala kamati. Linahitaji mtu mmoja wa parokia avuke uwanja hadi chini ya mwarobaini, amwambie, "Ndugu, tunakuhitaji," na vijana wawili watatu waanze kuchanganya saruji.