Bei ya Mafuta Si Yako, Lita Ni Zako



Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakishatoa bei kikomo, ujumbe unaanza kuingia kutoka Kimamba, Ulaya, Malolo mpaka Mikumi. "Bwana shamba, umeona dizeli? Sasa tunalimaje?" Ni swali la haki. Ila likikaa dakika mbili kwenye kundi linageuka kesi. Mmoja anailaumu serikali, mwingine wenye vituo, mwingine vita vya Ukraine, na wa mwisho anamgeukia mwenye trekta: "Hawa ndio wanyonyaji wenyewe." Leo naomba tuzungumze hiyo lawama, maana naona inatula kuliko hata mafuta.

Tuanze kwa kugawana mzigo sawasawa. Tanzania haina kisima cha mafuta ghafi. Petroli na dizeli tunaagiza kwa pamoja, zinashuka bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Bei inabebwa na soko la dunia na thamani ya dola, kisha zinakuja kodi na tozo, faida ya wauzaji na gharama ya kuyafikisha huku kwetu. Mei 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, dizeli Dar ilivuka shilingi 3,200 kwa lita. Julai 2023 ikawa chini ya 2,600. Oktoba mwaka huohuo ikapita 3,400. Miezi mitatu tu! Hakuna kijana wa Kilosa aliyesababisha hayo, na akija mtu kukwambia umeshindwa kulima kwa sababu huna nidhamu, mwonyeshe hizo namba.

Lipo pia fungu la wenye mamlaka. Juni 2022 serikali ilianza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali. Bajeti ya 2023/24 ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Yote mawili ni maamuzi ya watu, na mwananchi ana haki ya kuyasemea kwa diwani, kwa mbunge, kwenye mkutano wa kijiji. Mimi ni mtumishi wa umma na bado nasema hivyo. Mwaka 2023 kuna vituo vilifungiwa na EWURA kwa kuficha mafuta. Huo ulikuwa uovu, tusiupake rangi.

Sasa tufike kwetu. Hapa ndipo wengi mnanikimbia.

Nawajua vijana wa kikundi kimoja cha bustani kando ya mto. Walinunua pampu ya petroli kwa kuchangishana. Bei ilipopanda, hela ya mafuta ikawa inaisha kabla ya wiki. Wakaanza kumtazama kwa jicho baya yule anayelala na pampu. Hakuna aliyekuwa anaandika lita, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumshtaki wala kumtetea. Akaondoka na aibu ambayo haikuwa yake. Nilipoitwa kuangalia ile mashine, mpira wa kuvuta maji ulikuwa na ufa kwenye kiungio, unavuta hewa. Pampu inanguruma saa nzima, maji yanatoka kama ya bomba la nyumbani. Mpira walibadilisha siku ileile. Mwenzao hajarudi mpaka leo, na alikuwa ndiye mchapakazi kuliko wote.

Ndiyo kazi ya lawama isiyo na hesabu: inamwangukia aliye karibu. Aliye mbali haimfikii.

Hebu tupige hesabu. Tuseme ekari yako ya nyanya inakula lita 5 kila unapomwagilia, na unamwagilia mara 16 mpaka mavuno. Ni lita 80. Kwa 3,000 ni shilingi 240,000. Bei ikipanda kuwa 3,300, unalipa 264,000, na hapo ndipo kelele zinapoanza. Lakini ukiokoa lita moja tu kila mara, unatumia lita 64, sawa na 211,200. Bei imepanda na bado umelipa pungufu ya mwanzo. Hizi ni namba za mfano. Zako unazo wewe, kama unaandika. Kama huandiki, hujui kama umeonewa na bei au umeibiwa na mpira uliotoboka.

Lita zinapotelea wapi? Mara nyingi nakuta haya:

- Pampu imewekwa juu mbali na maji, inahangaika kuvuta. Isogeze chini karibu na mto, ila usiiache huko usiku maji yakijaa.
- Kichujio cha hewa kimejaa vumbi, plagi haijaguswa tangu inunuliwe.
- Kumwagilia saa saba mchana, jua linakunywa maji. Mwagilia alfajiri au jioni, na weka matandazo.
- Trekta inaitwa kwa ekari moja leo, ya jirani kesho kutwa. Jipangeni, mashamba yanayopakana yalimwe safari moja.
- Mafuta ya kwenye vidumu barabarani. Kipimo hukijui, usafi wake huujui. Kituoni dai risiti, na bei kikomo ya eneo lako iangalie kwa simu, *152*00#.

Halafu kuna lumbesa. Dalali anakwambia, "Mafuta yamepanda, kwa hiyo gunia nakata bei." Sawa. Kisha anashindilia kitunguu mpaka gunia linaota kichwa. Mafuta yakishuka, uliona lini amerudisha bei? Lumbesa ni kosa kisheria, lakini anayeikubali shambani ni mimi na wewe. Kabla ya kulaumu mafuta, uza kwa kilo. Mkodishe gari pamoja, lijae, mgawane nauli.

Najua kuna mtu atasema: bwana shamba, mimi nimeshabana kila kitu na bado naumia. Nakuamini. Wapo ambao shamba liko mbali, barabara mbovu, na hakuna lita ya kubana tena. Kwa hao jibu si nidhamu. Jibu ni kubadili zao, kuhamia pampu ya sola kama kikundi kinaweza kubeba gharama ya kuanzia, au kupunguza ekari msimu huu bila kuona haya. Kujiwajibisha si kubeba na makosa ya wengine. Ni kujua mpaka wako uko wapi, ili hata ukienda kumlalamikia mbunge uende na daftari. Mtu mwenye daftari husikilizwa tofauti na mwenye hasira tupu.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni ndogo. Nunua daftari la shilingi mia tano. Andika tarehe, lita, saa pampu ilivyofanya kazi, eneo lililolowa. Kama mko kikundi, kila mmoja asaini. Baada ya mwezi nileteeni tuyapitie pamoja. Na kama kuna mwenzenu mlimnyooshea kidole kabla hamjapima, mfuateni nyumbani kwao.